Mateka wa vita hakombolewi kwa pesa za simu

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la kutafuta ndugu waliopotea hapa Mombasa siku hizi yanafanana. Kijana aliondoka akiambiwa anakwenda Urusi kuwa mlinzi au dereva, simu ikanyamaza, kisha akazuka mtu asiyejulikana akidai kijana ametekwa vitani Ukraine na kwamba kipo "kikosi" cha kumchomoa huko huko nyuma ya safu za adui, mradi familia itume pesa. Mama mmoja kutoka Likoni alitujia na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha iliyochapishwa saiba, kijana amesimama mbele ya ukuta mweupe, na nyuma yake mama ameandika kwa kalamu tarehe alizotuma pesa, mara tatu. Nakala ya pasipoti ya mwanawe hakuwa nayo.

Kikosi hicho hakipo. Kuvamia kambi kuokoa mateka ni kazi ya majeshi, tena kwa nadra. Wapenzi wa sinema hutukumbusha kambi ya Wajapani ya Cabanatuan, Ufilipino, Januari 30, 1945, ambako mateka zaidi ya 500 walitolewa usiku mmoja. Kweli. Lakini wanajeshi wa Marekani wapatao 120 hawakufanya peke yao: wapiganaji wa Kifilipino walifunga barabara pande zote mbili, na wanakijiji wakaleta mikokoteni ya nyati kuwabeba wasioweza kutembea. Miezi miwili baadaye, Hammelburg nchini Ujerumani, walitumwa watu wapatao 300 na karibu wote wakauawa au wakatekwa wao. Na Son Tay, Vietnam, Novemba 1970, makomando wa Marekani walitua, wakakuta kambi tupu. Mateka walikuwa wamehamishwa tangu Julai. Hao walikuwa na ndege na picha za angani. Huyu wa WhatsApp ana nini?

Kinachomlinda mateka ni kuandikwa. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unamtaka aliyetekwa ataje jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, basi. Ndani ya wiki moja tangu afike kambini aruhusiwe kujaza kadi ya kutekwa, inayopelekwa kwa familia na kwa Shirika Kuu la Kutafuta Watu la Msalaba Mwekundu. Akishaandikwa ni vigumu kumpoteza kimyakimya, na jina lake laweza kuingia katika orodha ya kubadilishana. Mei 2025 Urusi na Ukraine zilibadilishana watu 1,000 kwa 1,000 kwa siku tatu bila kuvamia kambi yoyote.

Wengine hutuambia eti Mkenya si Mrusi, kwa hiyo si mateka wa vita. Tumelijibu hili hadi tumechoka. Kinachotazamwa ni jeshi aliloandikishwa, si pasipoti; na penye shaka, analindwa hivyo hivyo mpaka baraza lenye mamlaka liamue.

Msimshauri atoroke. Anayekamatwa akitoroka huadhibiwa kinidhamu tu, adhabu isiyozidi siku 30, lakini mlinzi anaweza kufyatua risasi kama hatua ya mwisho, baada ya onyo. Mwaka 1943 Mwitaliano Felice Benuzzi, mateka wa Waingereza, alitoroka na wenzake wawili katika kambi ya Nanyuki, wakapanda Mlima Kenya, wawili kati yao wakafika kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi kambini wenyewe. Walipewa siku 28 za kifungo cha upweke, zikapunguzwa kuwa saba. Hapo palikuwa na mlima na mkuu wa kambi mwenye ucheshi. Donbas, mashariki mwa Ukraine, sivyo.

Sasa utaratibu. Maombi ya kutafuta ndugu ni bure, katika hatua zote. Njoo na nakala ya pasipoti au kitambulisho. Tunahitaji jina kama lilivyoandikwa humo, si lile la mtaani. Yule mama alimtaja mwanawe kwa jina la babu, ambalo kwenye pasipoti halimo kabisa. Leta pia tarehe ya mawasiliano ya mwisho na namba aliyotumia. Ujumbe wa familia kwa mateka huandikwa wazi, na husomwa njiani: andika nani kazaa, nani kapona, nani anamsalimu. Habari za vita, mahali, makamanda au pesa zitafanya urudishwe. Picha zake msizisambaze mitandaoni.

Aliyetapeliwa apeleke namba na risiti polisi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka mitatu. Ndiyo, kujiunga na jeshi la kigeni bila kibali cha Rais nako ni kosa, kifungu cha 68, na najua hofu hiyo ndiyo inayowaficha wazazi wengi. Fomu zetu ni siri na hazitumiki kumshtaki mtu. Hatuahidi kwamba atapatikana, wala lini.

Asiye na nakala ya pasipoti tutamkaribisha kiti, tutamsikiliza, kisha tutamwomba arudi nyumbani akaitafute.