Saida ya juisi ya boksi kwenye joto la Mtwara

Kazi ya saida inaanza dukani, kwa kusoma maandishi madogo ya nyuma ya boksi. Saida ni pombe ya juisi ya matufaha, hizi epo za dukani, na juisi ya boksi inatosha kabisa kuitengeneza mradi iwe juisi kamili, 100%. Boksi lililoandikwa "nekta" au "kinywaji cha tufaha" limeongezwa maji, sukari na ladha. Litachacha, lakini utakachokunywa ni maji makali yasiyo na tufaha ndani. Tazama pia vihifadhi. Ukiona E202 (potasiamu sorbeti) au E211 (sodiamu benzoeti), rudisha boksi kwenye rafu. Vimewekwa humo ili hamira isizaliane, na kuongeza hamira mara mbili hakusaidii kitu. E300 ni vitamini C tu, haina neno. Juisi iliyotokana na juisi nzito iliyozimuliwa nayo inafaa.

Kwenye jedwali la virutubisho, tafuta gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Kiasi hicho kinatoa kilevi cha takriban 6%. Kila gramu 17 za sukari ya ziada kwa lita hupandisha kilevi kwa 1%, na wengi wanaoanza hukimbilia hapo. Sishauri. Saida ya 8% iliyochachuliwa kwenye joto letu huunguza koo na hukaa miezi kabla haijalainika.

Vifaa ni vichache: dumu safi la maji ya kunywa la lita 5, maboksi matano ya lita 1, hamira, majani ya chai, na mpira wa dripu kutoka duka la dawa. Loweka dumu, kifuniko na mpira kwa dakika 20 kwenye maji lita 5 yenye kijiko kikubwa kimoja cha jiki isiyo na manukato, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usimimine maji yanayotokota kwenye dumu, litajikunja. Wala usichanganye jiki na siki au ndimu kwa kudhani usafi utazidi, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Juisi yenyewe usiichemshe. Imekwisha kuuliwa vijidudu kiwandani, na moto utaiongezea tu ladha ya kupikwa.

Mimina maboksi manne kwenye dumu na uweke la tano kwenye friji. Vijiko viwili vya chai vya majani viloweke dakika 10 kwenye mililita 150 za maji ya moto, chuja, poza, mimina. Chai hii inaleta ukakasi ambao juisi ya boksi haina, na bila ukakasi saida hupwaya mdomoni. Chemsha nusu kijiko cha chai cha hamira ya mkate kwenye maji kidogo kwa dakika 5, poza, mimina nayo. Hamira hiyo iliyokufa ni chakula cha ile hai. Juisi ya tufaha haina lishe ya kutosha kwa hamira, na hamira yenye njaa hutoa harufu ya yai viza. Funga, tikisa dumu kwa nguvu dakika moja ili hewa iingie, kisha tia gramu 2 za hamira hai. Huu ndio wakati pekee saida inapohitaji hewa. Baada ya hapo hewa ni adui.

Toboa kifuniko, pitisha mpira, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa. Ncha ya pili izame kwenye chupa yenye maji nusu, ili gesi itoke bila hewa kurudi na vinzi wa matunda wasipate njia. Ukifunga dumu bila mpira litavimba hadi lipasuke. Ukiliacha wazi, bakteria wa siki wataingia, na saida iliyogeuka siki hairudi. Povu likitulia siku ya tatu au ya nne, ongeza boksi la tano polepole, ukiacha nafasi kidogo juu.

Sasa joto, ambalo ndilo linaloharibu saida nyingi ukanda huu. Vitabu vya saida vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, vinataka nyuzi 15 hadi 20. Chumba cha Mtwara au Lindi mwezi Desemba kinafika 30, na hamira ikichemka huongeza joto lake yenyewe ndani ya dumu. Hapo hutoa kilevi kizito chenye harufu ya tina ya rangi na kinachochoma kooni. Habari njema ni kwamba ubaya huo hutokea zaidi siku tatu za mwanzo, hamira inapozaliana kwa kasi. Basi pigania siku hizo tatu. Weka dumu kwenye beseni, jaza maji hadi nusu ya dumu, na asubuhi na jioni tumbukiza chupa mbili za nusu lita zilizoganda barafu. Ujanja wa kulifunika dumu kwa kitambaa kibichi unafanya kazi vizuri Newala, juu ya uwanda wa Makonde wenye upepo. Huku pwani hewa imejaa unyevu, kitambaa kinakauka taratibu na hakipozi sana. Barafu ndiyo ya kutegemea. Nafuu kubwa ni miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, usiku unapopoa wenyewe.

Hamira ya mkate inaivisha saida, lakini huacha ladha ya mkate, na mashapo yake hutibuka ukigusa tu. Ukiweza kuagiza hamira ya mvinyo, EC-1118 inavumilia hadi nyuzi 30, na K1-V1116 hadi 35. Kuna pia kveik, hamira ya wakulima wa Norwei, ambayo aina yake ya Voss inafanya kazi vizuri kabisa kwenye nyuzi 35. Kwa mtu asiye na friji, hiyo ndiyo ningeinunua, ila inakula sana, kwa hiyo ipe kijiko kizima cha hamira ya kuchemsha.

Msimu wa korosho una faida yake hapa. Bibo, lile lile la kutengenezea pombe ya uraka, lina ukakasi tele. Badala ya chai, tumia mililita 200 za maji ya mabibo yaliyochemshwa dakika 10 na kuchujwa kwa kitambaa. Zaidi ya hapo utasikia bibo tu. Yasiyochemshwa usitie, yanakuja na hamira na bakteria wao.

Kwa nyuzi 25 hadi 28, saida huiva kwa siku 10 hadi 14. Mapovu kukoma si ushahidi wa kutosha. Haidromita, kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, ikisoma 1.000 au chini kwa siku tatu mfululizo, imeiva. Usipokuwa nayo, subiri mapovu yaishe, saida ianze kung'aa, ulimi usisikie sukari hata chembe, kisha ongeza siku nne. Anayejaza chupa saida changa anajaza bomu.

Hamisha kwa mpira bila kutibua mashapo. Kwa gesi, tia gramu 7 za sukari kwa lita, yaani gramu 3.5 kwa chupa ya nusu lita, chini kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Tumia chupa za plastiki za soda, maana zimetengenezwa kuhimili gesi. Chupa za maji ni laini mno, na za kioo za pombe kali hupasuka vipande. Zibonyeze kila siku. Zikiwa ngumu kama soda mpya, kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano, ziingie kwenye friji zote. Utando mweupe juu ya dumu maana yake hewa iliingia. Kama bado haina uchachu wa siki, hamisha saida kutoka chini yake, ipoze na uinywe mapema.

Kuuza kunataka leseni, na kuitonesha iwe gongo ni kosa la jinai.

Saida iliyoiva ni kavu, haina utamu, kwa sababu hamira imekula sukari yote. Anayeitaka tamu asiongeze sukari kwenye chupa. Aongeze juisi ya boksi kwenye glasi, wakati wa kunywa.