Ufadhili wa kusomea chipu: fungua ukurasa wa pili wa barua

Matokeo yakitoka, simu yangu haipumziki. Mama mmoja alinipigia akiwa na furaha tele: "Mwalimu, mwanangu amepata ufadhili wa uhandisi. Wanasema atasomea mambo ya chipu na ada yote italipwa. Asaini?" Nikamwomba anisomee ukurasa wa pili wa ile barua. Wa kwanza ulijaa pongezi na hesabu ya ada. Wa pili, wenye masharti, alikuwa hajaufungua.

Nafundisha uhandisi wa umeme na elektroniki, na naelewa furaha ya mama huyo. Kwa miaka mingi tuliwaambia vijana wetu kuwa semikondakta, yaani utengenezaji wa chipu hizi ndogo zinazoendesha simu na kompyuta, ni kazi ya Taiwan, Korea na Marekani. Leo pale Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni ya chipu, Semiconductor Technologies Limited. Mwezi Mei 2024, Rais Ruto wa Kenya alipozuru Marekani, nchi hizo mbili zilitangaza ushirikiano katika sekta hii. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kenya anayeuliza kama kuna kazi hii nyumbani anauliza swali la maana. Kazi ipo, ingawa nafasi bado ni chache, na anayezipata ni yule aliyewahi kugusa vifaa.

Hapo ndipo ufadhili mwingi unapopungukiwa. Ada inasomesha nadharia. Mhandisi wa chipu anatengenezwa na saa alizokaa na mashine.

Chukua mfano wa chumba safi, mahali chipu inapochorwa juu ya kisahani cha silikoni. Mwanafunzi anayeingia kwa mara ya kwanza huanza kwa kuvaa: kofia ya kufunika nywele, barakoa, suti ya mwili mzima, viatu maalumu, halafu glavu. Poda na wanja vimeachwa nyumbani. Unywele mmoja una unene wa takriban mikroni 70 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Katika teknolojia ya kuchora mistari yenye upana wa nanomita 130 (nanomita 1,000 ni mikroni moja), ambayo kwenye fani yetu tayari ni ya zamani, unene wa unywele huo ungemeza mistari zaidi ya 500 iliyopangwa bega kwa bega. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inaharibu kazi ya wiki nzima. Mkono wa kushika kisahani kwa kibano bila kukikwaruza haupatikani kwenye kitabu. Unapatikana kwa kurudia, siku baada ya siku, na fundi mzoefu akiwa amesimama begani.

Si kila anayesomea chipu ataingia chumba safi, na hili wazazi wengi hawaambiwi. Kuna wasanifu wanaochora saketi kwenye kompyuta, na kuna wanaofungasha na kupima chipu zilizokwisha kutengenezwa. Penang, kule Malaysia, walianzia kwenye kufungasha na kupima. Intel ilifungua kiwanda chake huko mwaka 1972. Mwaka 1989 jimbo, viwanda na wasomi wakaanzisha kituo chao cha ufundi ili vijana wa hapo wafundishwe kile viwanda vya jirani vinachohitaji. Miaka zaidi ya 50 baadaye, Malaysia ni moja ya nchi kubwa duniani kwa kazi hiyo, na mpango wake wa mwaka 2024 unalenga wahandisi 60,000. Napenda mfano huu kuliko ule wa kiwanda cha mabilioni ya dola, kwa sababu nchi zetu zinaweza kuufuata.

Arizona, jimbo la Marekani, nako kuna funzo. Vyuo vya jamii vya Maricopa vilianzisha mwaka 2022 kozi ya mafundi wa semikondakta ya siku 10, saa nne kila siku. Mkazi wa jimbo anayemaliza na kufaulu mtihani wa cheti hurudishiwa ada yake. Fedha imefungwa kwa mkazi wa pale, kwa ufundi unaotakiwa pale, na kwa kuimaliza kozi yenyewe.

Kwa Afrika Mashariki, milango iliyo wazi zaidi ni ya shahada ya uzamili. Taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika iliyoko Juja, Kenya, ndani ya chuo kikuu cha JKUAT, hufadhili uzamili na uzamivu katika uhandisi wa umeme, na wanaofadhiliwa huahidi kufanya kazi katika nchi ya Afrika wakihitimu. Kigali, tawi la Carnegie Mellon linafundisha uzamili wa uhandisi wa umeme na kompyuta, na Mastercard Foundation husaidia wanafunzi wenye uhitaji. Mpango wa ABE, ufadhili wa Japani kwa vijana wa Afrika, ulioanza kupokea wanafunzi mwaka 2014, unaunganisha uzamili na mafunzo ndani ya kampuni za huko. Tanzania ina Samia Scholarship kwa waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita. Hiyo ni ya shahada ya kwanza na haijafungwa kwa chipu, lakini uhandisi umo.

Upo pia msaada usioitwa ufadhili. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani waliachia bure kanuni za usanifu wa nanomita 130, yaani maelezo ya kiwanda ambayo msanifu huyafuata anapochora chipu. IHP, taasisi ya utafiti ya Ujerumani, nayo ina zake. Mradi wa Tiny Tapeout hukusanya michoro ya watu wengi kwenye chipu moja, wakagawana gharama. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kuanza kuchora saketi yake mwaka wa pili wa chuo, asingoje barua ya mtu yeyote. Nikiwa kwenye kamati ya usaili, mchoro wa namna hiyo huniambia mengi kuliko cheti.

Turudi kwa yule mama. Ukurasa wa pili ulimtaka kijana atumikie mfadhili miaka minne baada ya kuhitimu, au arudishe fedha zote. Mimi sipingi sharti la utumishi. Aliyekusomesha ana haki ya kukuhitaji. Ila barua haikusema kijana atajifunza kwa vitendo wapi, wala nini kingetokea kama mfadhili mwenyewe angekosa kazi ya kumpa. Tukaandika barua fupi kuuliza hayo mawili. Baada ya wiki mbili jibu likaja likiwa na vifungu viwili vipya: miezi mitatu ya mafunzo kiwandani kila mwaka kuanzia mwaka wa pili, na deni kufutwa iwapo mfadhili hatatoa ajira ndani ya miezi sita. Kijana akasaini, na mama akabaki na nakala yake.