Je, wajua kwa nini tarehe ya kuzaliwa hurudi nyuma siku moja kwenye mfumo?

Chukulia sacco moja ya Kisumu inayosajili wanachama mtandaoni kwa mfumo ulioandikwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Mwanachama aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1994 anajaza fomu vizuri tu, lakini ukurasa wake unamwonyesha 11 Mei. Kwenye mifumo mingine mambo huwa mabaya zaidi: kila anapofungua fomu na kuihifadhi tena, hata bila kugusa tarehe, anapoteza siku nyingine. 10, kisha 9.

Tatizo ni kwamba Date ya zamani ya Java, licha ya jina lake, haihifadhi tarehe. Ndani yake mna namba moja: milisekunde zilizohesabiwa tangu saa sita za usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Mfumo ukiisoma fomu kwa saa za Kenya, 12 Mei 1994 inakuwa saa sita za usiku huo hapa Kisumu, yaani 768690000000. Kenya iko saa 3 mbele ya UTC. Kwa hiyo seva iliyowekwa kwenye UTC, na seva nyingi za kukodi huja zimewekwa hivyo, inaisoma namba ileile kuwa saa tatu usiku, tarehe 11. Namba haijabadilika hata kidogo. Msomaji wake ndiye amebadilika.

Ndiyo maana pia kosa halionekani kwenye laptopu ya aliyeandika programu, kwa kuwa pale anayeandika namba na anayeisoma wote wanafuata saa za Kenya. Wanaotumia JSF, zana ya Java ya kutengenezea kurasa za wavuti, wanaweza kuliona hata hapo, kwa sababu kigeuzi chake cha tarehe hufuata GMT (hapa ni sawa na UTC) usipokitajia saa za mahali. Wengi huponya dalili kwa kuongeza saa 3 kwa mkono. Usifanye hivyo. Mwaka 1940 saa za Nairobi zilikuwa mbele ya UTC kwa saa 2 na dakika 45, na Java inalijua hilo. Tarehe ya mzee aliyezaliwa mwaka huo, ikiingizwa kwa hesabu ya saa 3 kamili kisha ikasomwa kwa Africa/Nairobi (jina la saa za Kenya ndani ya Java), itaangukia robo saa kabla ya usiku wa manane, siku iliyotangulia.

Dawa yenyewe ilikuja mwaka 2014 na Java 8: LocalDate. Hii hubeba mwaka, mwezi na siku, basi. Haina saa wala haijui seva iko wapi. Kisanduku cha tarehe cha kivinjari hutuma 1994-05-12 hata kama machoni kinaonyesha 12/05/1994, na LocalDate huisoma moja kwa moja bila kupewa fomati, yaani herufi zinazoeleza tarehe imeandikwa vipi. Kwenye hifadhidata tumia safu ya aina ya DATE.

Fomati nayo ina mitego yake, hasa herufi kubwa na ndogo. MM ni mwezi, mm ni dakika. Ukiandika dd/mm/yyyy kwenye SimpleDateFormat, chombo cha zamani cha Java cha kusoma na kuandika tarehe, 12/05/1994 inasomwa kimyakimya kuwa 12 Januari, saa sita na dakika tano usiku. YYYY, tofauti na yyyy, ni mwaka unaohesabiwa kwa wiki, na wiki yenye 31 Desemba 2025 huhesabiwa kuwa ya 2026: kwa hiyo 31 Desemba 2025 huchapwa 31 Desemba 2026. Kosa hili linaweza kulala miezi kumi na moja kabla ya mtu kulalamika.

Malipo ni habari nyingine, kwa kuwa hayo kweli yana saa. Yahifadhi kama Instant, aina ya Java inayobeba nukta moja ya wakati, kisha uyageuze kwa Africa/Nairobi wakati wa kuonyesha na, muhimu zaidi, wakati wa kujumlisha ripoti ya siku. Ripoti ikikatwa kwa UTC, nauli ya boda iliyolipwa Kondele, hapa Kisumu, saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi inaingia kwenye mauzo ya Ijumaa, na mhasibu atatafuta tofauti hiyo bila kuipata.