Newstead Abbey si kama Byron alivyoiacha

Kila kundi linalofika Newstead Abbey, nyumba ya zamani ya watawa iliyogeuzwa makazi, kaskazini mwa jiji la Nottingham, Uingereza, huja na imani ileile: kwamba nyumba imebaki kama mshairi Lord Byron alivyoiacha. Sivyo hata kidogo, na imani hiyo ndiyo inayowapitisha watu mbele ya vitu vya kweli wakiwa wameduwaa kwa vya bandia.

Byron aliirithi mwaka 1798 akiwa na miaka 10, paa linavuja na madeni tele. Alikaa humo kwa vipindi tu kati ya 1808 na 1814, akatengeneza vyumba vichache. Ukumbi mkuu aliufanya pa kulengea shabaha kwa bastola. Mwaka 1817 alikubali kumuuzia Thomas Wildman, aliyesoma naye katika shule ya Harrow, kwa pauni 94,500. Wildman na msanifu John Shaw ndio walioifufua. Ule mnara mnene wa kulia, unaopigwa picha mno kwa kudhaniwa wa kale, ni Sussex Tower, kazi ya Wildman ya karne ya 19!

Anza nje, upande wa magharibi. Uso wa kanisa ulio kushoto ni wa karne ya 13 kweli. Inua macho: dirisha kubwa lisilo na kioo, na juu kabisa Bikira Maria ameketi na Mtoto. Nyuma ya ukuta huo ni nyasi tu, usitafute altare. Masalia mengine ya wakanoni Waagustino, yaani mapadre walioishi hapa kitawa, walioondolewa mwaka 1539, yamo ndani ya nyumba: ua uliozungukwa na baraza pande zote nne, na chumba chao cha mikutano kilichogeuzwa kanisa dogo. Cha Byron hasa ni kitanda chenye mataji juu ya nguzo, alichokuja nacho kutoka chuoni Cambridge.

Kaburi la bustanini? La mbwa wake, Boatswain, aliyekufa kwa kichaa cha mbwa mwaka 1808. Byron alitaka kuzikwa hapo, lakini yuko kanisani Hucknall, kilomita chache kusini.

Bustani kuwa wazi si nyumba kuwa wazi; nyumba ina siku zake, hakikisha kabla ya safari. Kadi ya uanachama ya National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, haikusaidii, kwani hii ni mali ya jiji la Nottingham tangu 1931. Basi la kutoka Nottingham kwenda Mansfield hukushusha langoni, barabara ya A60, na kutoka hapo ni mwendo wa kama kilomita moja na nusu kwa miguu. Viatu vya harusini viache nyumbani.

Na wanaosema Mwafrika hana lake hapa hawajasikia habari za William Webb, mmiliki aliyefuata baada ya Wildman. David Livingstone alikaa kwake miezi kadhaa mwaka 1864 na 1865, akiandika kitabu cha safari ya Zambezi. Mwaka 1874 wakaja Abdullah Susi na James Chuma, walioongoza msafara wa kuileta maiti ya Livingstone pwani, wakapigwa picha hapa pamoja na watoto wa Livingstone. Waulize wahudumu habari za Webb mapema, la sivyo watakujaza Byron mpaka saa ya kufunga.