Kwa Nini Treni ya Kisumu Hutumia Usiku Mzima

Desemba inapokaribia, jamaa zangu wanaofanya kazi Nairobi huanza kuniuliza habari za treni, na swali halibadiliki: iweje basi lifike Kisumu kwa saa saba hivi, ilhali treni iliyoondoka saa 12:30 jioni inatarajiwa kufika asubuhi ya siku ya pili? Mimi ni mhandisi wa njia ya reli, naishi Nakuru, na sipendi kusikia treni hiyo ikiitwa nzembe. Safari ile ni ya kupanda milima miwili kwa magurudumu ya chuma yanayokanyaga reli ya chuma, na ajuaye maana yake hushangaa kwamba asubuhi mtu huwa amefika.

Njia yenyewe ni ya zamani. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, ambapo leo ndipo Kisumu. Upana kati ya reli moja na nyingine ni mita moja tu, kwa sababu njia nyembamba huruhusu kona kali, na kona kali humwezesha mjenzi kuuzunguka mlima badala ya kuutoboa. Wajenzi waliokoa fedha kwa njia hiyo, na abiria wa leo ndiye anayelipa deni hilo kwa saa za usingizi wake. Safari za abiria zilikatika kwa miaka kadhaa, zikarejeshwa Desemba 2021 baada ya sehemu ya kutoka Nakuru hadi Kisumu kukarabatiwa, treni ikiondoka Nairobi Ijumaa jioni. Ratiba hubadilika, hasa mvua kubwa zinapoharibu tuta, kwa hiyo ni vyema kuulizia stesheni kabla ya kufunga mizigo.

Sasa tutazame miinuko. Nairobi ipo kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Treni hupanda kupitia Kikuyu hadi Limuru, ambako imeshavuka mita 2,200, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Kijabe hadi Naivasha, karibu mita 1,900, na kuendelea kupitia Gilgil hadi Nakuru, mita 1,850. Abiria wengi hudhani kwamba hapo kazi imekwisha, kumbe ngumu ndiyo kwanza inaanza. Magharibi ya Nakuru njia ya Eldoret na Uganda hujitenga na kushika njia yake, nayo ya Kisumu hupanda kupitia Njoro na Molo hadi Mau Summit, kwenye kimo cha mita 2,500 hivi. Baada ya hapo ni kuteremka tu: Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, hadi ziwani, mita 1,130 hivi.

Kwenye njia tambarare, tani moja ya treni inayokwenda polepole huhitaji nguvu ya kuvuta inayolingana na uzito wa kilo tatu hadi tano tu, na huu ndio uzuri wa chuma juu ya chuma. Lakini weka mwinamo wa mita 2 kwa kila mita 100, ambao dereva wa lori hautambui kabisa, na tani ile ile itadai kilo 20 zaidi. Kwa treni ya tani 500, injini inatakiwa kuvuta tani 10 zaidi kwa ajili ya mlima peke yake, kabla hatujahesabu kona, ambazo nazo hula nguvu kwa sababu ukingo wa gurudumu hujisugua kwenye reli ya nje. Mlio mwembamba unaosikika usiku kati ya Molo na Londiani, ule unaowaamsha watoto, ndio msuguano huo.

Chuma juu ya chuma pia huteleza. Usiku wa Mau una ukungu na umande, na reli iliyolowa kidogo tu huwa mbaya kuliko ile iliyooshwa na mvua kubwa, kwa kuwa maji machache huchanganyika na kutu na mafuta yakawa utelezi. Injini hubeba mchanga mkavu, na gurudumu linapoanza kuzunguka bila kusonga, dereva huupuliza mbele ya magurudumu. Asubuhi mafundi wa njia wakipita kwa miguu kwenye sehemu kali za mlima hukuta juu ya reli mstari wa unga mweupe uliosagwa laini, nao hujua hapo injini ilihangaika.

Kuteremka si mapumziko. Breki za hewa hubana vipande vya breki kwenye magurudumu, na vikibanwa kwa muda mrefu hupata moto na kupoteza nguvu, kwa hiyo dereva hutegemea zaidi breki ya umeme: mota zinazoendesha magurudumu hugeuzwa kuwa jenereta, na umeme unaozalishwa huchomwa bure kama joto juu ya injini. Mngurumo wa feni unaosikika wakati treni inateremka ni wa kupoza joto hilo. Kuna jambo moja la kujihadhari nalo Mau Summit. Wakati wa kupanda, viungo vya mabehewa huwa vimevutwa vyote. Kileleni, mabehewa ya mbele huanza kuteremka huku ya nyuma yakipanda bado, na hatimaye ya nyuma huyasukuma ya mbele. Mshtuko huo hauna hatari kwa aliyeketi, lakini aliyesimama na kikombe cha chai ya moto ataujutia.

Kisha kuna kusimama. Njia ni moja, hivyo treni mbili zinazokabiliana hupishana kwenye stesheni tu, na hakuna dereva anayeondoka bila kibali kinachothibitisha kwamba sehemu iliyo mbele yake ni tupu. Ukizinduka saa nane usiku ukaona treni imetulia kwenye stesheni ndogo isiyo na duka wala mwanga, yamkini mnangojea treni ya mizigo inayotoka upande wa pili. Shangazi yangu wa Maseno huamini kila mara kwamba injini imekufa, na huanza kuwapigia simu watu wa nyumbani.

Kwa anayetaka kulala, achague kiti cha katikati ya behewa. Magurudumu yamefungwa chini ya ncha mbili za behewa, na mtikisiko hupita hapo kabla ya kufika kwingine. Mlangoni pia kuna baridi. Joto hupungua takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo mtu aliyevalia hali ya hewa ya Kisumu atatetemeka Molo. Sweta na leso nzito havitoshi kuitwa mzigo.

Asiyepata usingizi anaweza kupima mwendo mwenyewe. Pale ambapo vipande vya reli havijachomelewa pamoja, kila kiungo huachiwa mwanya mdogo ili chuma kipate nafasi ya kutanuka kwa joto. Usiku chuma husinyaa, mwanya huongezeka, na mgongano husikika vizuri zaidi. Ikiwa vipande ni vya mita 12, idadi ya migongano ya gurudumu moja ndani ya sekunde 43 ni sawa na kilomita ambazo treni inakwenda kwa saa. Kwenye mlima utapata idadi ndogo kuliko ulivyotarajia.

Kunapopambazuka baada ya Muhoroni, milima ya Nandi husimama upande wa kulia, na mashamba ya miwa ya Chemelil na Miwani yanazunguka njia. Hapa tambarare imefika, lakini treni bado haikimbii, na abiria walioanza kuteremsha mabegi hulalamika. Udongo mweusi wa tambarare hii ya Kano hufura unapolowa na kupasuka unapokauka, nao hunyanyua na kuzamisha mataruma, yaani vile viegemeo vinavyolala chini ya reli, bila mpangilio, hivyo sisi wahandisi huweka mwendo mdogo mpaka kokoto iliyo chini yake ishindiliwe upya. Hili ndilo eneo linalonipa kazi nyingi kuliko Mau yenyewe, ingawa hakuna anayelipiga picha.

Wanaorudi Nairobi hukutana na mambo haya kinyume: kutoka Kisumu hadi Mau Summit injini hupanda takriban mita 1,400, ikiwa imebeba watu pamoja na magunia ya mahindi na kuku waliopewa nyumbani. Kwa hiyo anayesafiri kuelekea huko alale baada ya Nakuru, kwa sababu kabla ya hapo kelele za injini hazitamruhusu.