Anayerudi kwenye vitabu vya Kiswahili aanze wapi

Wateja wengi wanaoniomba "kitabu kizuri cha Kiswahili" hawajagusa riwaya tangu wamalize shule. Huko walisoma ili wajibu mtihani: dhamira, wahusika, tamathali za semi, basi. Wakirudi, jina wanalolikumbuka ni Shaaban Robert, kwa hiyo huondoka na Kusadikika. Baada ya kurasa ishirini kitabu kinakwenda kabatini. Kitabu ni kizuri sana. Kimesomwa kabla ya wakati wake. Jicho lililokaa miaka kumi bila riwaya linahitaji kwanza kisa kinachovuta.

Ndiyo maana kwanza natoa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Bwana Ali ameuawa, maiti yake imekutwa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa anaanza kuulizauliza, kiko mdomoni. Kiswahili chake ni cha Unguja, kinateleza kama mazungumzo ya barazani. Kosa linalowaharibia wengi kitabu hiki ni kusoma sura moja Jumatatu, nyingine Jumamosi. Fumbo lote limejengwa juu ya nani ni nani kwa nani, na ukikaa siku tano majina yanachanganyika. Weka kipande cha karatasi ndani ya jalada, kila mtu mpya akitokea mwandike na uhusiano wake. Soma sura mbili kila usiku. Ukikipenda, Bwana Msa anaendelea katika Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri.

Hatua ya pili ni Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa mzee, anamkimbia mumewe, anapokewa na Mwajuma mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kisha anakutana na Denge, kijana anayeupinga utawala wa Mwingereza. Ni kitabu kinene lakini hakichoshi. Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 wasidhani wamemaliza kila kitu, kwani riwaya ina njia ndefu zaidi. Anayependa habari za wafanyakazi na bandari nampa Kuli ya mwandishi huyohuyo, inayoelekea kwenye mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, simpi kila mtu. Ni nyepesi kwa lugha, nzito kwa yaliyomo: baba mkali wa Ukerewe, binti aliyelelewa kwa fimbo bila kuelezwa lolote kuhusu wanaume, na mwisho mchungu. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Mzazi anayetaka kumnunulia binti wa miaka kumi na sita, ushauri wangu ni asome yeye kwanza, kisha wasome pamoja. Wala asikifiche. Kitabu chenyewe kinaonyesha kufichaficha kunafikisha wapi.

Sasa mashairi, na hapa sina haraka, kwa sababu ndipo wasomaji wengi hukata tamaa bila sababu. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni mama anayemuusia bintiye. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani (silabi) 8. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachorudi hadi beti ya mwisho. Usome kwa sauti, ukihesabu kwa vidole. Ukipata 7, mara nyingi umeimeza m au n: "mtoto" ni mizani tatu, m-to-to; "nchi" ni mbili, n-chi. Lakini "ndugu" ni mbili tu, kwa sababu n hapo haisimami peke yake. Baada ya beti kumi, vidole havihitajiki tena.

Kizuizi kingine ni lahaja. Ukienda Lamu na Mombasa utakuta "mato" kwa macho, "nti" kwa nchi, "ndia" kwa njia. Mtego mkubwa ni "kuteka": msomaji wa bara anaona mtu anachota maji, kumbe mtu anacheka. Ukishajua kwamba ch ya Kiswahili sanifu mara nyingi ni t huko, nusu ya ugumu imeondoka. "Pulika" ni sikiliza. Hilo itakubidi ulijifunze tu. Chagua toleo lenye sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, hata kama ni ghali kidogo. Kisha nenda kwenye Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972 kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mashairi yale hayaruhusu kusomwa kimoyomoyo.

Hapa ndipo Kusadikika, ya 1951, inapofunguka. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa kwingine wakarudi na mema, wakaambulia adhabu. Soma mjumbe mmoja kwa usiku mmoja, ufunge kitabu. Ukiwapitia wote kwa mkupuo, safari zinaonekana kufanana na sentensi ndefu za Shaaban zinakuchosha.

Kwa tafsiri, Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ndiyo ninayoitoa bila kusita. Kisa cha Yusuf, mtoto aliyetolewa kulipia deni la babaye, kimerudi kwenye lugha ya watu wake. Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, nunueni nakala mbili au tatu mgawane nafasi. Mtu mmoja akiisoma kimya hupoteza mdundo.

Nagona ya Kezilahabi naiweka mwisho. Wembamba wake hudanganya. Haina kisa cha kufuata kwa kidole, na anayeanza nayo huapa kutorudi.

Kuhusu nakala zenyewe, angalia mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, neno "Mwongozo" kwenye jalada. Miongozo ya mitihani huchapishwa kwa jalada linalofanana na riwaya, na neno hilo huwekwa dogo juu. Ndani hakuna hadithi, kuna uchambuzi. Pili, durufu za wizi: wino una kijivu, mistari imepinda ukurasani, na herufi za upande wa ndani zimemezwa na mshono. Ufungue katikati taratibu. Gundi mbovu hulia na kurasa huachia papo hapo. Tatu, pitia namba za kurasa, hasa kwa kitabu kilichotumika. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kinapokosa, hukosa fungu zima, na pengine lingine limewekwa mara mbili. Kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, fungu moja likikosekana Bwana Msa atamtaja muuaji na wewe hutajua amemjuaje.