Homa ya matumbo haizaliwi na uchafu

Homa ya matumbo, au taifodi kama wengi tunavyoiita, huletwa na bakteria wanaoishi ndani ya binadamu, wakatoka kwa kinyesi au mkojo na kumwingia mwingine kwa kinywa. Basi, maana yenyewe ni hiyo. Kinachokera ni kusikia kila mara kwamba fulani "kapata taifodi kwa sababu ya uchafu", kana kwamba jalala likikaa siku nyingi hujipikia homa. Kauli hii ina pacha wake, tena hatari zaidi: "Maji ya mlimani hayana neno, tazama yanavyong'aa."

Jina nalo limechangia vurugu. Taifodi ni "mfano wa taifasi", homa nyingine kabisa inayoenezwa na chawa, na madaktari wa Ulaya walizichanganya hizo mbili hadi kuelekea 1850. Zilipotenganishwa, ukazuka ugomvi wa pili: inatoka wapi? Mwaka 1858 Charles Murchison, daktari wa London, aliipa jina la Kigiriki lenye maana ya homa izaliwayo na uozo. Daktari mwenzake, William Budd, akakataa. Yeye alikuwa ameuguza watu kijijini kwao North Tawton, Devon, homa ilipoingia mwaka 1839. Hoja yake ilikuwa ya mtu wa shamba: marundo ya samadi na mitaro inayonuka vilikuwepo pale miaka yote, na homa haikuwepo. Ilipokuja ilifuata watu. Wapasua mbao walirudi kwao Morchard wakiwa wagonjwa, na Morchard nako ikaanza.

Mwaka 1880 Karl Eberth aliwaona bakteria wenyewe kwa hadubini. Lakini kwangu mimi shahidi mkubwa ni Plymouth, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika kaunti ya Luzerne, Pennsylvania. Mtu mmoja alikwenda Philadelphia wakati wa Krismasi ya 1884, akarudi Januari akiwa mgonjwa. Nyumba yake ilikuwa mlimani, kando ya kijito kilichojaza mabwawa ya mji. Kinyesi chake kilimwagwa nje juu ya theluji, kikaganda hapo. Mwishoni mwa Machi theluji ikayeyuka. Katika mji wa watu wapatao 8,000, zaidi ya 1,000 waliugua na 114 wakafa.

Lawama ya kwanza iliangukia mto Susquehanna, na haikuwa lawama ya kijinga, maana ulipokea maji taka ya mji wa Wilkes-Barre. Mto huo ndio uliokuwa mchafu wa macho. Kumbe kilichoua ni kijito cha mlimani kilichosifiwa, na nyumba zilizokunywa maji ya visima vyao wenyewe kwa sehemu kubwa zilisalimika. Mgonjwa mmoja alitosha.

Sisemi uchafu hauna kesi. Choo kikipakana na kisima, nzi wakizurura jikoni, bakteria wamerahisishiwa safari. Hata wafuasi wa nadharia ya uozo waliokoa watu wengi kwa kudai mifereji ya maji taka na maji ya bomba, ingawa sababu waliyoitaja haikuwa yenyewe. Ila uchafu ni njia tu. Lazima awepo mtu aliyewatoa bakteria hao, na huenda haumwi tena: wapo wanaopona wakabaki na bakteria kwenye kibofu cha nyongo kwa miaka, wakipika na kupakua kwa mikono inayoonekana safi kabisa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, badala ya kusema "maji yale ni machafu, yatakupa taifodi", sema yameingiwa na kinyesi cha mtu mwenye taifodi. Na yale maangavu ya mlimani, yachemshe vilevile. Huko juu nako kuna watu wanaishi.